Dakika 30 zilizolipiwa: huduma ya matunzo nyumbani Uingereza kwenye mizani

Kampuni ya matunzo ya nyumbani Uingereza inauza bidhaa moja tu, nayo ni dakika za mtu. Dawa zinatoka NHS, huduma ya afya ya umma. Kitanda cha hospitali na mashine ya kunyanyulia kwa kawaida huletwa na NHS au halmashauri. Kampuni inauza nusu saa ya asubuhi: kumwosha mzee, kumbadilisha pampasi, kumvika, kumpa chai na dawa, kisha kuandika kilichofanyika. Ukitaka kujua kama huduma ni nzuri au mbovu, uliza dakika ngapi zilifika mlangoni kweli, zilifika saa ngapi, na nani alizileta. Brosha, tovuti na hata daraja la mkaguzi vinafuata nyuma.

Tunayoipima hapa ni huduma ya England, kwa watu wazima wasiojiweza: wazee, wenye ulemavu, waliopooza baada ya kiharusi, wenye ugonjwa wa kusahau. Scotland na Wales wana wakaguzi wao. Wasomaji wa Kiswahili wanaguswa kwa pande mbili. Wako wenye wazazi waliozeekea London, Leicester au Birmingham, na wako wanaovaa glavu na aproni alfajiri kwenda kuifanya kazi yenyewe, ile wanayoiita kazi ya kea.

Daraja la mkaguzi lina thamani gani?

Mkaguzi ni Care Quality Commission, kwa kifupi CQC, iliyoanza kazi Aprili 2009. Huuliza mambo matano: je, huduma ni salama, ina matokeo, ina utu, inafuata mahitaji ya mtu, inaongozwa vizuri? Kila jambo hupewa daraja moja kati ya manne: bora kabisa, nzuri, inahitaji kuboreshwa, haitoshi. Kampuni iliyopewa daraja inalazimika kisheria kulionyesha, ofisini na kwenye tovuti yake.

Ripoti hizo ni za bure na zinafaa kusomwa, ila zina mitego. Wa kwanza ni tarehe. Mwaka 2024 Dk. Penny Dash aliichunguza CQC kwa niaba ya serikali, akakuta kwamba karibu sehemu moja kati ya tano ya maeneo ambayo tume ina mamlaka ya kuyakagua haikuwahi kupewa daraja lolote, na madaraja mengine yalikuwa ya miaka mingi nyuma. Kampuni ya matunzo inaweza kubadilika kabisa ndani ya miezi sita, meneja mmoja tu akiondoka. "Nzuri" ya miaka minne iliyopita inaisifu kampuni ambayo huenda leo imebaki jina tu.

Mtego wa pili ni kwamba mkaguzi wa matunzo ya nyumbani kwa sehemu kubwa hakagui nyumba. Anakagua ofisi: mafaili, rota (ratiba za zamu), rekodi za dawa, karatasi za ajira. Huwapigia simu baadhi ya wateja na familia, na pengine huwatembelea wachache kwa ridhaa yao. Bibi mwenye ugonjwa wa kusahau asiyeweza kushika simu hasikiki kabisa.

Wa tatu ni kwamba kampuni nyingi zina daraja la "nzuri", kwa hiyo neno hilo halitenganishi mchele na pumba. Soma vipengele vyenyewe. Kwenye "utu" karibu kila kampuni hufaulu, maana wateja huwapenda watunzaji wao na kuwatetea, hata wanapochelewa. Nenda moja kwa moja kwenye "salama" na "inaongozwa vizuri", utafute maneno kuhusu ziara zilizochelewa au kukosekana, mapengo katika rekodi za dawa, na wafanyakazi walioanza kazi kabla barua za wadhamini hazijafika. Angalia pia jina la meneja aliyesajiliwa na CQC. Ripoti mbili mfululizo zenye mameneja wawili tofauti, na sasa nafasi iko wazi, zina uzito kuliko daraja lenyewe.

Kisha kuna kampuni ambazo CQC haiwagusi. Sheria inadai usajili pale tu kampuni inapotoa huduma ya mwili: kuosha, kuvalisha, kulisha, kumpeleka mtu msalani. Inayofanya usafi wa nyumba, manunuzi na kukaa na mzee tu haihitaji usajili, wala mtu uliyemwajiri wewe mwenyewe. Ukimwona "msaidizi wa usafi" anamwogesha mama, ulizia namba ya usajili siku hiyohiyo.

Kumbukumbu za ziara ndizo zinazosema

Kampuni nyingi sasa hutumia programu kwenye simu ya mtunzaji. Akifika anagusisha simu kwenye kibandiko kilichowekwa ndani ya nyumba, au anapiga picha ya msimbo wa QR, au simu yenyewe inarekodi mahali alipo. Akitoka anafanya vivyo hivyo. Omba kumbukumbu za wiki nne: saa iliyopangwa, saa ya kuingia, saa ya kutoka, jina la mtunzaji. Kampuni nzuri huzituma bila maswali. Kampuni ikianza kuleta hoja za "siri za wafanyakazi" kabla hata ya kupendekeza kuziba majina, hilo nalo ni jibu.

Chukua karatasi na kalamu. Mtu wa ziara nne kwa siku ana ziara 112 katika siku 28. Kila ziara ikilipiwa dakika 30 na mtunzaji akakaa 21, zimekosekana dakika 9 mara 112, yaani dakika 1,008, karibu saa 17 kwa mwezi ambazo mtu kazilipia na hakuzipata. Usihukumu kwa ziara moja. Mzee akiamka vizuri, kazi ya nusu saa inaweza kwisha kwa dakika 22 na hakuna aliyeibiwa. Wastani wa mwezi mzima ndio unaosema kweli.

Hesabu pia sura. Kwa mtu wa ziara nne za mtunzaji mmoja mmoja, sisi tunaona watu sita hadi wanane kwa mwezi ni wastani unaovumilika, maana kuna likizo na wikiendi. Wakifika ishirini, hakuna anayemjua mgonjwa, hakuna atakayegundua kwamba leo anaongea kwa shida kuliko jana.

Kumbukumbu nazo huchezewa. Ziara zote zenye dakika 30 kamili, mwezi mzima, si nidhamu. Binadamu hafanyi kazi hivyo. Wako wanaopiga picha msimbo wa QR na kuuskani wakiwa kwenye gari. Wako wanaoingia kwenye programu, wakafanya kazi dakika 15, kisha wakasahau "kwa makusudi" kutoka mpaka wafike nyumba ya pili. Programu nyingi huonyesha ziara zilizoingizwa kwa mkono na ofisi baada ya tukio. Hizo zikiwa nyingi, uliza kwa nini.

Na kwa nini dakika hupotea? Mara nyingi si uvivu wa mtunzaji. Tazama rota yake: ziara sita za nusu saa kuanzia saa 1 hadi saa 4 asubuhi, zimefungamana bila pengo. Kati ya nyumba na nyumba ni dakika nane za gari, safari tano, jumla dakika 40. Dakika hizo hazimo kwenye rota, lakini zimo barabarani. Ama wa sita achelewe kwa dakika 40, ama kila mmoja apunguziwe kidogo. Muda wa kusafiri kati ya mteja na mteja ni muda wa kazi katika hesabu ya kima cha chini cha mshahara, na kampuni isiyoulipa ndiyo hiyohiyo ambayo rota zake hazina nafasi ya kupumua. Swali bora la kuiuliza kampuni kabla ya kutia saini ni hili: "Mnaweka dakika ngapi kati ya ziara na ziara, na mnazilipa?"

Kuhusu urefu wa ziara, mwongozo wa mwaka 2015 wa NICE, taasisi inayotoa miongozo ya afya na matunzo, uko wazi. Ziara ya chini ya nusu saa inafaa pale tu mtunzaji anapomfahamu mtu huyo, ziara ni sehemu ya mpango mpana zaidi, na kazi ni mahususi yenye kutosha muda huo, kama kuhakikisha dawa imemezwa. Dakika 15 za kumwosha mtu aliyepooza ni udhalilishaji, hata awe mtunzaji mwepesi kiasi gani.

Saa ikipotea, dawa na chakula navyo hupotea

Rota za huko zimeandikwa kwa saa za Kizungu. 08:00 ni saa 2 yetu ya asubuhi. Tuseme ziara hiyo imefika saa 4 na robo, na ya mchana ikaja saa 6 na nusu kama ilivyopangwa. Mama amepewa parasetamoli asubuhi, na kati ya dozi na dozi zinatakiwa saa zisizopungua nne. Mtunzaji wa mchana ana njia mbili: kumpa mapema kinyume cha maelekezo, au kumwacha na maumivu hadi jioni. Kwa mgonjwa wa Parkinson, ugonjwa wa neva unaotetemesha na kukakamaza mwili, ni hatari zaidi. Dawa ikichelewa mwili unakakamaa, anashindwa kumeza hata chai, na huanguka. Kwake saa ya dawa inatakiwa kuandikwa kwenye mpango wa matunzo kama saa isiyosogezwa.

Chakula vilevile. Cha mwisho saa 10 jioni, cha kwanza saa 4 asubuhi: saa 18 bila kitu tumboni. Mwenye kisukari hapaswi kufikishwa huko na rota ya mtu.

Rekodi ya dawa isomwe kwa kutafuta visanduku vitupu. Kisanduku kilichoandikwa "alikataa" kina habari. Kilichoachwa wazi hakina, na hakuna ajuaye kama dozi ilitolewa. Dawa za "ikihitajika" lazima ziwe na maelezo ya lini, kiasi gani na mwisho ngapi kwa siku. Viraka vya maumivu vinahitaji mchoro wa mwili unaoonyesha kilipobandikwa cha sasa na kilipokuwa cha kabla yake, na maandishi kwamba cha zamani kimetolewa. Viwili vikikaa pamoja mgonjwa anaweza kulala asiamke. Matone mengi ya macho hutupwa siku 28 baada ya kufunguliwa, kwa hiyo chupa isiyo na tarehe ya kufunguliwa ni kosa dogo linalofichua ukaguzi usiofanyika. Halafu kuna mafuta ya kupaka ngozi kavu. Yakilowana kwenye nguo na shuka, kitambaa hushika moto haraka. Kama mzee anavuta sigara, mpango wa matunzo useme hivyo waziwazi.

Mashine ya kunyanyulia

Hapa ndipo ziara ya watu wawili inapojaribiwa. Kwenye kumbukumbu, watunzaji wote wawili wanatakiwa kuwa ndani kwa wakati mmoja. Mmoja akiingia saa 2:00 na mwenzake saa 2:20, na mama tayari yuko kwenye kiti, mmoja alimnyanyua peke yake. Iko mipango halali ya mtunzaji mmoja, lakini iwe imeandikwa baada ya tathmini ya mtaalamu wa tiba kwa vitendo, na isiwe imezaliwa na uhaba wa watu Jumapili.

Mashine ya kunyanyulia watu na kitambaa chake cha kumbebea mgonjwa hukaguliwa kila miezi sita chini ya kanuni za mwaka 1998. Tafuta kibandiko chenye tarehe. Kitambaa kiwe saizi ya mgonjwa mwenyewe, lebo isomeke, mishono isiwe imechomoka, na mpango uonyeshe rangi ya kitanzi cha kufungwa mabegani na cha miguuni. Vitanzi vikipishana rangi kati ya kulia na kushoto, mtu huning'inia upande na anaweza kuteleza akaanguka.

Maandishi ya kila siku

"Nimemkuta vizuri, nimemhudumia, nimemwacha vizuri." Sentensi hii ikirudiwa siku thelathini, kwa mwandiko wa watu kumi, jua hakuna aliyeangalia kitu. Maandishi yenye kazi husema alikunywa kiasi gani (chai iliyoachwa mezani haihesabiwi), mkojo ulikuwa wa rangi gani, choo kilipatikana lini, ngozi ya matako na visigino ikoje.

Juu ya ngozi tutakaa kidogo, maana inawahusu sana watu wetu. Watunzaji hufundishwa kutafuta wekundu usiofifia ukibonyezwa, dalili ya mwanzo ya kidonda cha kulalia. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo unaweza usionekane kabisa. Cha kutafuta ni sehemu iliyokolea kuliko ngozi ya jirani au kuelekea zambarau, yenye joto au baridi isiyo ya kawaida, iliyokakamaa au kulegea, au inayouma. Uliza kampuni wanavyofundisha hilo. Wakikujibu kwa picha za ngozi nyeupe tu, mwandikie meneja aliyesajiliwa, na uangalie mwenyewe visigino vya mzee kila ukimtembelea. Badiliko lolote la ngozi linatakiwa kumfikia muuguzi wa jamii siku ileile.

Wafanyakazi, na jambo ambalo ripoti hazilisemi vizuri

Mtunzaji mpya anatarajiwa kukamilisha Care Certificate, mafunzo ya msingi ya kazi hii, iliyoanza 2015 ikiwa na viwango 15, na sasa ni 16. Usiridhike kuambiwa "ameimaliza". Uliza nani alimwona kwa macho akimgeuza mtu kitandani na kutoa dawa, maana viwango hivyo havimaliziki kwa video za mtandaoni. Uliza alifuatana na mwenye uzoefu kwa siku ngapi, na msimamizi hutokea nyumbani bila taarifa mara ngapi kwa mwaka. Ukaguzi wa rekodi za uhalifu uwe wa ngazi ya juu, pamoja na orodha ya waliozuiwa kufanya kazi na watu wazima.

Sasa viza. Februari 2022 Uingereza ilifungua mlango wa viza kwa watunzaji, na wengi kutoka Afrika wakaingia, wa kwetu wakiwemo. Machi 2024 ikawazuia wapya kuja na familia, na tarehe 22 Julai 2025 ikafunga uajiri mpya kutoka nje. Aliyekwisha kuingia amefungwa kwa mdhamini wake, yaani mwajiri aliyemdhamini viza: akimpoteza, kwa kawaida hupewa siku 60 kupata mwingine. Mtunzaji wa namna hiyo akiona mwenzake anachukua hela za bibi, au akiamriwa amnyanyue mtu peke yake, atafikiri mara mbili kabla ya kusema. Hofu hiyo ni kasoro ya usalama kama ilivyo mashine isiyokaguliwa, ila haina kibandiko. Ipime kwa kuuliza watunzaji wangapi wameondoka mwaka huu, na kama kampuni ina njia ya kutoa taarifa isiyopitia kwa meneja wa rota. CQC yenyewe hupokea taarifa za wafanyakazi, hata zisizo na jina.

Lugha na staha

Mwenye ugonjwa wa kusahau mara nyingi hupoteza lugha aliyojifunza ukubwani na kurudi kwenye ya utotoni. Mzee wa Mombasa aliyeongea Kiingereza miaka 40 anaweza kuamka akidai maji kwa Kiswahili, na kumbukumbu ikaandikwa "anaropoka". Andikeni kwenye mpango maneno kumi anayoyatumia: maji, choo, inauma, baridi, sitaki. (Leicester msishangae, wako wazee wa Kihindi waliofukuzwa Uganda 1972 ambao Kiswahili cha dukani bado wanacho.) Iandikwe pia kama mama haoshwi na mwanaume, kama mzee hutawadha kabla ya sala, na kwamba uji wake si wa maziwa baridi. Kampuni inayoyaandika haya siku ya kwanza ina mtu anayesikiliza. Inayoleta fomu yenye kisanduku cha "utamaduni: hakuna" haina.

Pesa zake ziwe na karatasi: risiti kwa kila manunuzi, saini mbili, na namba ya siri ya benki isitajwe kwa mtunzaji yeyote.

Aina ya huduma na tunavyoziona

Huduma ya kumrudisha mtu kwenye uwezo wake baada ya hospitali, ambayo ni bure kwa hadi wiki sita, ndiyo tunayoipa alama ya juu. Ina malengo, ina mwisho, na wengi huhitaji msaada mdogo baada yake. Udhaifu wake ni kuwa baadhi ya halmashauri huileta kama ziara za kawaida zenye jina zuri. Muulize mtunzaji lengo la wiki hii ni lipi.

Huduma inayolipiwa na halmashauri ina faida ya mkataba na maofisa wanaofuatilia, lakini ndiyo yenye dakika finyu. Nyumba unayoishi haihesabiwi kwenye mali unapopimwa kwa matunzo ya nyumbani. Akiba ya zaidi ya pauni 23,250 ndiyo inayokutoa kwenye msaada. Ya kulipia mwenyewe hutoa ziara ndefu na sura chache, na kampuni kadhaa hazishuki chini ya saa moja. Soma mkataba: bei ya sikukuu, notisi ya kuvunja, na mnalipa nini mgonjwa akilazwa.

Mtunzaji anayeishi nyumbani hufaa kwa mwenye ugonjwa wa kusahau anayelala usiku kucha. Kwa anayehitaji kugeuzwa kila saa mbili usiku ni makosa, maana mtunzaji huyo naye hulala, na atachoka ndani ya wiki moja. Kuajiri mwenyewe kwa fedha za halmashauri kunampa mzee mtu anayempenda, pengine anayeongea lugha yake, ila wewe ndiye mwajiri: kodi, bima, likizo ya wiki 5.6, na mbadala akiugua. Mkaguzi hatakuja.

Mambo yakiharibika, malalamiko huanzia kwa kampuni, kisha kwa Local Government and Social Care Ombudsman, ofisi huru ya kusikiliza malalamiko ya matunzo, kwa kawaida ndani ya miezi 12. Ofisi hiyo huwapokea hata wanaojilipia. CQC haisuluhishi lalamiko la mtu mmoja. Penye unyanyasaji au kutelekezwa usisubiri ngazi hizo: piga halmashauri, ambayo kifungu cha 42 cha sheria ya matunzo, Care Act 2014, kinailazimisha kuchunguza. Na barua ibebe namba. "Hawaji kwa wakati" hujibiwa kwa pole. "Tarehe 4, ziara ya 08:00 iliingia 10:15 ikatoka 10:29, tarehe 5, hakuna aliyeingia, nakala za kumbukumbu zenu nimeziambatisha" lazima ijibiwe.